Miradi ya Afya Isifie Kitaluni

Tarehe 31 Januari 2024 Serikali yetu ilizindua mpango mkubwa wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Katika muda wa miaka mitano mpango huo wakusudia kuwachagua, kuwafundisha na kuwaweka kazini wahudumu 137,294, yaani wawili katika kila kitongoji na kila mtaa wa Tanzania Bara, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja. Kazi yao ni kupita nyumba kwa nyumba, kumshauri mama mjamzito ahudhurie kliniki, kumtambua mtoto mwenye homa au utapiamlo kabla hajazidiwa, kumkumbusha mgonjwa wa kifua kikuu kumeza dawa zake, na kutoa habari mapema pale maradhi ya kuambukiza yanapochomoza. Jambo hili ni kubwa, na kila mwananchi mwenye nia njema hulifurahia.

Sisi nasi twalifurahia. Lakini furaha peke yake haijapata kumponya mgonjwa hata mmoja, wala kazi ya gazeti la Chama si kupiga makofi tu. Yatupasa kuuliza pia lile swali ambalo mwanachama huliuliza tawini kwake na mfanyakazi huliuliza kazini kwake: Je, jambo hili litadumu? Miaka mitano itakapokwisha, mhudumu atakuwa bado anapita? Mkoba wake utakuwa na dawa? Posho yake itatoka mfuko gani?

Hatuulizi hayo kwa kuitilia shaka Serikali. Twauliza kwa kuwa nchi yetu, kama nchi nyingine nyingi za Afrika, imekwisha kuona miradi ya afya iliyoanza kwa ngoma na vigelegele, ikafanya kazi njema katika wilaya moja au mbili, ikasifiwa katika mikutano ya wataalamu, kisha fedha za mfadhili zilipokwisha ikabaki kibao cha bati kando ya barabara na gari bovu nyuma ya ofisi. Wagonjwa walikuwa wale wale na dawa ilikuwa ile ile. Kilichokosekana ni mwenye kuurithi mradi.

Kila mkulima ajua habari ya kitalu. Mche ukiwa kitaluni hupata kivuli, humwagiwa maji asubuhi na jioni, na kuna mtu wa kuufukuzia kuku. Ukihamishiwa shambani hukutana na jua kali, mchwa, na mkulima mmoja mwenye ekari tatu na jembe moja. Mkulima mwenye akili huanza kuuzoesha mche jua kabla ya kuung'oa. Mradi wa majaribio nao ni hivyo hivyo. Katika wilaya ya majaribio kuna wataalamu wa ziada, gari lenye mafuta, mishahara isiyochelewa na macho ya wakubwa. Ukipelekwa katika wilaya zote hukuta zahanati yenye muuguzi mmoja, barabara iliyokatwa na mvua na bajeti isiyotosha. Kwa hiyo twasema tangu mwanzo lile tunaloliamini: jaribio lisilofikiriwa tangu siku ya kwanza kwa ajili ya mfanyakazi wa kawaida, katika zahanati ya kawaida, kwa fungu la kawaida la halmashauri, ni onyesho tu. Huenda likapendeza, lakini halitaliponya taifa.

Ushahidi wa maneno hayo tunao hapa hapa nyumbani, wa kufaulu na wa kushindwa. Tuanze na wa kufaulu.

Mwaka 1977 nchi yetu ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kupambana na Kifua Kikuu na Ukoma, kwa ushirikiano na Umoja wa Kimataifa wa Kupambana na Kifua Kikuu, ambao mtaalamu wake alikuwa Daktari Karel Styblo, mzaliwa wa Czechoslovakia. Wakati ule wako waliosema kwamba nchi maskini haiwezi kumfuatilia mgonjwa wa kifua kikuu mpaka apone, kwa kuwa matibabu ni ya miezi mingi na mgonjwa akipata nafuu huacha dawa. Mpango wetu haukujenga hospitali mpya za fahari. Ulitumia zahanati zilizokuwapo na wauguzi waliokuwapo. Ulichoongeza ni taratibu: makohozi yapimwe kwa darubini, kila mgonjwa aandikwe katika daftari, mfanyakazi wa afya amwone mgonjwa akimeza dawa, mratibu mmoja wa wilaya azungukie vituo vyote, na kila robo mwaka ihesabiwe ni wangapi walioanza dawa na wangapi waliopona. Daftari na hesabu ndivyo vilivyoufanya mpango uwe wa nchi nzima. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliyachukua mafunzo ya Tanzania na ya nchi nyingine chache, likayaeneza ulimwenguni. Nchi iliyohesabiwa maskini ilikuwa mwalimu wa mataifa. Na ililoifundisha dunia ni kazi ambayo mfanyakazi wa kawaida aweza kuifanya kila siku bila kungoja mgeni.

Ushahidi wa pili ni Rufiji na Morogoro. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990, Wizara ya Afya kwa kushirikiana na kituo cha utafiti wa maendeleo cha Kanada, IDRC, iliendesha katika wilaya hizo mbili mradi ulioitwa TEHIP. Swali la mradi lilikuwa rahisi kulitamka: je, fedha za afya za wilaya hutumika kwa yale maradhi yanayowaua watu wa wilaya hiyo? Jibu lilitia aibu. Huko Morogoro malaria ilikuwa ikisababisha kiasi cha asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, lakini fungu lake katika bajeti ya afya ya wilaya lilikuwa asilimia 5 tu. Wakubwa wa wilaya hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wakipanga gizani, kwa kunakili bajeti ya mwaka uliopita na kufuata matakwa ya kila mfadhili aliyepita.

Mradi uliwapa vyombo vya kuona. Hesabu za vifo zilizokusanywa nyumba kwa nyumba zilichorwa ziwe picha ambayo diwani asiye daktari aweza kuielewa. Vituo vya afya vilipewa jukumu la kuzisimamia zahanati zilizo jirani, na redio za mawasiliano zikawekwa. Wilaya ziliruhusiwa kuongezewa hadi dola 2 kwa kila mkazi kwa mwaka. Sasa tusikie jambo la ajabu: kwa wastani wilaya hizo hazikuweza kutumia hata dola 1 ya nyongeza hiyo, maana mikono ya kuitumia vema ilikuwa michache. Hata hivyo, katika muda wa miaka mitano hivi, vifo vya watoto wenye umri wa chini ya miaka mitano vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Hatusemi kwamba mradi peke yake ndio uliofanya yote hayo, kwa kuwa wakati ule ule na mambo mengine ya heri yalikuwa yakitendeka, vyandarua vikiwamo. Lakini funzo limesimama. Nyongeza ndogo iliyotumiwa kwa akili yaweza kuzidi msaada mkubwa uliotumiwa kwa mazoea. Na kilichoenea baadaye katika wilaya nyingine hakikuwa magari ya mradi. Kilikuwa ni vile vyombo vya kupangia bajeti, pamoja na mtindo wa kuzipelekea halmashauri fedha za afya kutoka mfuko wa pamoja ili zipange zenyewe.

Ushahidi wa tatu ni wa vyandarua, na huo wafaa kutazamwa kwa makini kwa sababu una furaha na onyo ndani yake. Tangu mwaka 1996, katika Wilaya za Kilombero na Ulanga, watafiti wa Ifakara na wenzao walifanya jaribio la kuuza vyandarua vyenye dawa kwa bei nafuu kupitia maduka ya vijijini, kwa jina ambalo kila mtu alilielewa: Zuia Mbu. Walipopima walikuta kwamba kwa mtoto aliyelala ndani ya chandarua chenye dawa, hatari ya kufa ilipungua kwa asilimia 27. Serikali haikuliacha jambo hilo ndani ya vitabu vya wataalamu. Mwaka 2004 ulianza mpango wa Hati Punguzo. Mama mjamzito alipewa hati kliniki, akaenda nayo dukani, akaongeza kiasi kilichobaki, akarudi nyumbani na chandarua. Mpango ulitumia kliniki zilizokuwapo na maduka yaliyokuwapo. Isitoshe, kuanzia mwaka 2003 kiwanda cha Arusha kilikuwa kikitengeneza vyandarua vya kudumu kwa mikono ya wafanyakazi wa Kitanzania, kwa hiyo afya ya mtoto wa Ulanga ikawa pia ni ajira ya kijana wa Arusha.

Ilionekana hata hivyo kwamba mama aliye maskini kabisa hakuweza kuongeza zile fedha chache. Ndipo ikafuata migawo mikubwa ya bure kati ya mwaka 2008 na 2011. Matokeo yake tuyasome katika takwimu. Mwaka 2007-08 watoto waliopimwa na kukutwa na malaria walikuwa asilimia 18. Mwaka 2011-12 wakawa asilimia 9. Hapo wengi walidhani kwamba vita imekwisha. Mwaka 2015-16 hesabu ilipanda tena mpaka asilimia 14! Ikashuka kuwa 7 mwaka 2017, na mwaka 2022 ilikuwa 8. Hati Punguzo yenyewe ilikoma mwaka 2014. Chandarua huchakaa, watoto huzaliwa kila siku, na mbu hana likizo. Mgawo mmoja mkubwa ni tendo la siku moja, na afya ni kazi ya kila siku. Ndiyo sababu twausifu mtindo ulioanza mwaka 2013 katika Mikoa ya Lindi, Mtwara na Ruvuma wa kuwapa wanafunzi vyandarua shuleni kila mwaka, pamoja na ule wa kuwapa kina mama kliniki. Shule haihami wala kliniki haifungi virago. Chandarua kilichopitia hapo kina njia ya kudumu.

Tusiseme ya kufaulu tu. Baada ya mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978, nchi yetu ilikuwa mstari wa mbele katika kuwaweka wahudumu wa afya vijijini. Vijiji viliwachagua watu wao, wakafundishwa, wakapewa masanduku ya dawa, na ilitarajiwa kwamba kijiji kingewalipa. Ikaja dhiki ya miaka ya 1980. Vijiji havikuwa na uwezo, masanduku yakabaki matupu, na mhudumu aliyekuwa na jembe lake na watoto wake akarudi shambani. Nani wa kumlaumu? Mtu hawezi kujitolea milele kwa tumbo tupu. Moyo wa kujitolea ni hazina ya taifa, lakini hazina isiyowekewa kitu kila mwezi huisha.

Funzo hilo lilisikika. Mwaka 2011 ulianza mradi mwingine wa majaribio katika Wilaya za Rufiji, Kilombero na Ulanga. Safari hii wahudumu walifundishwa kwa miezi tisa, tena wakalipwa. Jaribio lilifanywa kwa haki: vijiji vilipigiwa kura, vingine vikapata wahudumu na vingine vikangoja, ili tofauti ionekane. Watafiti walipopima hawakukuta kwa jumla kwamba vifo vya watoto vilipungua zaidi pale palipokuwa na wahudumu. Twawasifu kwa kuutangaza ukweli huo bila kuufunika. Maana yake si kwamba mhudumu hana faida. Maana yake ni kwamba mhudumu aliyefundishwa na kulipwa, lakini ambaye mkoba wake hauna dawa na zahanati anayompeleka mgonjwa haina dawa, ni mjumbe asiye na ujumbe. Mtu, posho, dawa na usimamizi ni mafiga ya chungu kimoja. Ukiondoa figa moja, chungu humwagika.

Na wale wa Igunga wanalo lao la kusema. Mwaka 1996 huko ndiko lilikoanzia jaribio la Mfuko wa Afya ya Jamii, ambapo kaya ililipa mchango kwa mwaka ikapata matibabu. Sheria ya kuueneza nchini ilipitishwa mwaka 2001. Mfuko ulienea katika halmashauri, lakini wanachama walikuwa wachache kuliko ilivyotarajiwa. Mwananchi aliyelipa mchango, kisha akaenda zahanati akaambiwa akanunue dawa dukani, mwaka uliofuata hakurudi kulipa. Sheria yaweza kuueneza mradi katika ramani, bali imani ya mwananchi huenezwa na dawa iliyomo kabatini. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023, itapimwa kwa kipimo hicho hicho.

Twatazama pia nje, maana maarifa hayana mipaka. Bangladesh, nchi iliyozaliwa vitani mwaka 1971 ikiwa na watu wengi na fedha chache, ilikuwa ikipoteza watoto wengi mno kwa kuharisha. Mwaka 1979 shirika la wananchi la huko, BRAC, lilijaribu katika sehemu iitwayo Sulla kuwafundisha akina mama kutengeneza maji ya kumnywesha mtoto anayeharisha: chumvi kiasi cha kushikwa kwa ncha za vidole vitatu, sukari guru kiasi cha konzi moja, na maji kiasi kinachojulikana. Hapakuwa na mtambo wala paketi kutoka ng'ambo. Mwalimu alikwenda nyumbani kwa mama, akamfundisha mambo kumi, akamwacha atengeneze mwenyewe. Baadaye msimamizi alipita katika baadhi ya nyumba hizo kumwuliza mama anakumbuka nini, na mwalimu alilipwa kwa kadiri ya aliyoyakumbuka mama. Hakulipwa kwa idadi ya nyumba alizogonga hodi!

Hata hapo jambo halikwenda sawa mara ya kwanza. Akina mama walikuwa wakikumbuka mafundisho, lakini wengi hawakuyatumia. Shirika halikuwalaumu. Lilichunguza, likagundua kwamba baadhi ya walimu wenyewe hawakuiamini dawa ile, na kwamba wanaume walikuwa wameachwa nje ya habari. Walimu wakafundishwa upya mpaka wakaamini, na mikutano ya wanaume ikafanywa. Kati ya mwaka 1980 na 1990 nyumba zaidi ya milioni 12 zilifikiwa. Na mama akijua, bintiye hujua. Mradi ulipokwisha maarifa yalibaki jikoni, mahali ambapo mfadhili hawezi kuyachukua wakati wa kuondoka. Huko ndiko kudumu.

Kwa nini twayasema haya sasa? Kwa sababu saa yake imefika. Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake kwa nchi za nje, na tarehe 1 Julai mwaka huo huo shirika lake la misaada, USAID, likakoma kuendesha misaada hiyo. Katika nchi nyingi za Afrika wafanyakazi wa miradi waliamka asubuhi wakakuta hawana kazi, na wagonjwa waliozoea kuhudumiwa na miradi hiyo hawakujua waelekee wapi. Hatuna haja ya kumtukana aliyetoa kisha akaacha kutoa. Mali ni yake. Azimio la Arusha lilituonya tangu mwaka 1967 kwamba kuitegemea misaada na mikopo ya nje ni kuutia uhuru hatarini. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na katika habari ya dawa, mtegemea cha jirani aweza kufa kweli kweli. Viongozi wa Afrika waliokutana Abuja mwaka 2001 waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Ahadi ile, ambayo nchi nyingi za bara letu hazikuifikia, haikuwekwa kwa ajili ya kupamba hotuba.

Wako watakaosema: nchi yetu bado ina mahitaji mengi, barabara, shule, maji, umeme, fedha za kuendeleza kila mradi zitatoka wapi? Hoja hiyo ni ya haki, nasi hatuikimbii. Jibu letu ni kwamba si kila mradi unaostahili kuendelezwa. Mradi ambao hata ukifaulu halmashauri haitaweza kuulipia, afadhali usianze, au uanze kwa namna nyingine iliyo nafuu zaidi. Fedha nyingi hupotea kwa kuanzisha mambo mapya kila mwaka na kuyaacha yaliyokwisha kuthibitika. Kuacha ni gharama pia. Anayeipata hasara ni mama wa kijijini, ambaye amefundishwa kungoja mhudumu asiyekuja tena.

Tazameni mradi wa m-mama. Ulianza kwa majaribio katika Wilaya ya Sengerema na Mkoa wa Shinyanga. Mama aliyepatwa na shida ya uzazi kijijini hupigiwa simu ya bure nambari 115. Pakiwa hapana gari la wagonjwa karibu, huitwa dereva wa jirani aliyekubaliwa, akamfikisha mama hospitalini, na malipo yake hupitia simu. Mwaka 2022 mpango huo ulizinduliwa kwa taifa zima. Uzuri wake ni kwamba uliyatumia yale ambayo nchi ilikuwa nayo, yaani gari la mwananchi na simu ya mwananchi, badala ya kungoja magari ya wagonjwa ya kutosha kila kata. Twauita mfano mwema, nasi twaukabidhi kwa halmashauri na maneno haya: dereva alipwe kwa wakati. Siku dereva atakapoanza kuahidiwa malipo ya kesho, siku hiyo simu haitapokewa usiku.

Sasa tuseme wajibu wa kila mmoja.

Serikali na Bunge: kila mradi wa majaribio uruhusiwe kwa masharti yaliyoandikwa. Gharama yake kwa mtu mmoja ijulikane. Fungu litakalourithi litajwe, na mwaka wa kurithi utajwe. Mishahara ya mradi isiwe mara tatu ya mishahara ya Serikali, kwani hiyo huwanyang'anya wauguzi zahanati zetu na kujenga kitu kisichoweza kurithiwa.

Watafiti na wafadhili: wasilichague kila mara lile eneo lililo jirani na mji, lenye barabara nzuri na mganga hodari. Jaribio lifanyike pia pale penye tope na uhaba, maana huko ndiko wanakokaa wananchi wengi. Na matokeo mabaya yatangazwe kama matokeo mema. Jaribio lililoshindwa kwa uwazi laweza kuiokolea nchi fedha nyingi.

Halmashauri: mnapokaa kupanga bajeti, wekeni mezani hesabu ya maradhi yanayowaua watu wenu, kisha muitazame bajeti. Ikiwa viwili hivyo havifanani, kalamu iko mikononi mwenu. Rufiji na Morogoro ziliweza.

Wafanyakazi wa afya: ninyi ndio mtakaoubeba mpango huu wa wahudumu. Mhudumu wa kitongoji si mpinzani wa muuguzi, wala si tarishi wake. Muuguzi amsimamie, amsikilize, amjazie mkoba. Na daftari liandikwe kwa kweli. Hesabu ya uongo ni sumu, kwa kuwa dawa ya mwaka ujao huagizwa kwa kuitazama hesabu ya mwaka huu.

Na ninyi wanachama wenzetu, mabalozi wa mashina, viongozi wa matawi: msidhani kwamba jambo hili ni la madaktari peke yao. Mhudumu wa afya atakayefanya kazi katika kitongoji chenu mwamjua. Hakikisheni kwamba anachaguliwa kwa sifa zake, mbele ya mkutano wa wananchi, wala si kwa undugu na mwenyekiti. Katika kila mkutano ulizeni mambo matatu: Mhudumu wetu amepita nyumba ngapi? Mkoba wake una dawa gani? Posho ya mwezi uliopita imefika? Majibu yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano na diwani apewe nakala. Jambo linaloulizwa kila mwezi na wananchi ni vigumu kufa kimya kimya.

Tangu siku za mapambano ya Uhuru tumekuwa tukiwataja maadui watatu, ujinga, maradhi na umaskini. Adui maradhi hatishiki kwa miradi ya maonyesho, kwa kuwa ajua kwamba maonyesho hufungwa jioni. Anachokiogopa ni zahanati inayofunguliwa kila asubuhi, daftari linaloandikwa kila siku, na fungu linalotengwa kila mwaka. Mpango wa wahudumu ulioanza mwaka 2024 bado ni mche. Miaka yake mitano inapita upesi, na mwaka wa bajeti hauwangoji waliolala. Basi halmashauri na zianze sasa kuutengea mpango huu fungu lake zenyewe, hata likiwa dogo, ili siku mwavuli wa kitaluni utakapoondolewa, mche uwe umekwisha kulizoea jua.